Ng'ombe Aliyemngoja Wanjiru

Tulimzika Mama Wanjiru Jumamosi iliyopita huko Giakanja, chini ya mahema ya kukodi na vipaza sauti vilivyokoroma kuliko vilivyosema. Kwa kuwa nina mvi na niliwahi kuwa mhadhiri, nilikalishwa mbele na wageni wa heshima, nikapewa kijitabu cha wasifu chenye picha yake ya rangi. Mpwa wake akausoma kwa Kiswahili, kwa ajili yetu tuliotoka upande wa pili wa mlima. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akaingia kikundi cha akina mama. "Alijaliwa watoto wanne," akasoma, "mmoja marehemu." Halafu akarukia habari za matangi ya maji ambayo kikundi kilinunua. Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Mmoja marehemu! Mwaka mzima, mwaka ulionifanya niwe huyu niliye, umefungwa kwa maneno mawili na kuegeshwa kando ya matangi. Nilishaanza kuinuka. Mama aliyekaa karibu nami akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Kaa chini, mwalimu, hii ni matanga ya watu." Nikakaa. Lakini moyo haukukaa, na ndiyo maana ninaandika.

Ulikuwa ule mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Nilikuwa chuo kikuu nikisomea tabia na ustawi wa wanyama, na kabla hujauliza, ndiyo, walinicheka. "Ati unasomea kuangalia ng'ombe akitafuna?" wasichana wa bweni langu walisema, wao wakisomea sheria na ualimu. Idara ilitutawanya mashambani, kila mmoja akae na familia moja na kuwatazama wanyama wao tangu asubuhi hadi jioni. Mimi, mtoto wa Chuka, nilitupwa Tetu, nyumbani kwa Mama Wanjiru, kwa Wakikuyu, ambao lugha yao niliisikia nusu na kuisema robo, kwa hiyo nyumba ile ilizungumza nami Kiswahili, kila mtu na chake. Mhadhiri wetu, mtu mfupi aliyesoma ng'ambo na ambaye hakuturuhusu kusahau hivyo, alituaga kwa onyo moja. "Nisione mahali mmeandika ng'ombe ana furaha au ana huzuni. Andikeni sikio limegeuka. Andikeni amelamba. Huzuni hamkuiona." Nilimwamini kabisa. Nilikuwa msichana wa kupenda mambo makavu, na mtu aliyeniambia habari za moyo wa ng'ombe nilimwona mshamba.

Chumbani kwao nililala tu, niliishi jikoni. Kulikuwa na mafiga matatu, kuni zilizotoa moshi kuliko moto, benchi fupi iliyong'arishwa na miaka ya kukaliwa, na sufuria ya githeri ambayo mwaka ule ilikuwa mahindi matupu na maharagwe ya kutafuta kwa kijiko. Mzee alikaa karibu na mlango, kwenye kiti chake peke yake. Watoto wadogo watatu walibanana kwenye benchi, na Wanjiru, kifungua mimba wao, alikaa kule moshi ulikoelekea, na tumbo lake. Alikuwa amefukuzwa shule akiwa Kidato cha Tatu kwa sababu ya tumbo hilo, na aliyempa, kijana wa Kangema aliyekuja kujenga zahanati, alikuwa amerudi kwao kabla zahanati haijaezekwa. Tangu siku hiyo Mzee hakumsemesha binti yake. Alisema naye kupitia kwa mama yake, hata wakiwa wamekaa goti kwa goti. "Mwambie huyo mtu apitishe chumvi." Na kabla Mama Wanjiru hajafungua mdomo, chumvi ilikuwa imeshafika mkononi mwa Mzee. Alikuwa akiipokea bila kuinua macho. Mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa nyumba hiyo nikacheka, na hakuna aliyecheka nami.

Kwa hiyo Wanjiru alihamia zizini. Lilikuwa zizi jipya, la mbao na sakafu ya saruji, kwa sababu maafisa wa kilimo walikuwa wamepita kwenye vilima vile wakifundisha watu ufugaji wa kisasa: usimtoe ng'ombe malishoni, mfungie, mkatie majani ya nepia, na ndama akizaliwa mwondoe siku hiyo hiyo, umnyweshe kwa ndoo. Wakulima wale walikuwa watu wa kufuata maagizo. Ndama wa Rosi, ng'ombe wao, aliondolewa kabla hajakauka, akauzwa. Nadhani hakuna afisa aliyejiuliza ng'ombe aliyebaki na ulimi wake na hana ndama atamlamba nani. Rosi alimlamba Wanjiru. Alimlamba mikono, shingo, na lile koti la kaki, kubwa, lililokuwa la babu yake enzi za ukarani, ambalo alilivaa kila alipokamua na kulitundika kwenye msumari mle mle zizini akimaliza. Nilikaa kwenye kigoda changu nikitazama. Koti likitokea tu mlangoni, masikio ya Rosi yaligeuka, akatoa ule mngurumo wa chini ambao ng'ombe humtolea ndama, na maziwa yakaanza kudondoka sakafuni kabla hajaguswa. Wanjiru aliimba nyimbo za kanisani taratibu mno, kama mtu anayesinzia. "Huyu haniulizi chochote," aliniambia siku moja akiwa ameegemeza shavu kwenye ubavu wa ng'ombe. "Kagendo, wewe uko na masomo, niambie. Ng'ombe anaweza kukasirikia mtu?" Nikamjibu kisomi, ng'ombe hana hasira, ana woga tu. Akasema, "Basi ni heri yeye."

Alifia hospitalini Nyeri, akijifungua. Damu haikukatika. Sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu sikuwapo, na kwa sababu hata leo nikipita barabara ile nageuza uso. Mama Wanjiru alirudi na mtoto wa kike amemfunika kwa shuka la hospitali, akaingia jikoni, akakaa kwenye ile benchi, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake, maana jina lake lilikuwa la binti. Jaribu wewe kumwita mtu Mama Wanjiru siku hiyo. Majirani walisema "Mama" tu, kisha wakanyamaza. Tulimzika Wanjiru, watu wakala, wakaomba, wakaenda. Nguo zake shangazi zake wakazifua na kuzigawa mbali, kwa watu wasiotujua. Koti tu ndilo lililobaki kwenye msumari wake. Nyumba ile ilikuwa imeokoka. Mzee mwenyewe alikuwa akisimama kanisani na kushuhudia kwamba mambo ya wazee wa zamani, ya kuogopa vitu vya maiti, aliyaacha. Lakini kila mtu aliyeingia zizini alilipita koti lile kwa upande wa pili.

Ndipo Rosi akakataa. Mama Wanjiru alipokwenda kukamua, ng'ombe alimtazama, akamnusa, akafunga maziwa. Mzee akajaribu, akapigwa teke. Akamfunga miguu kwa kamba, akapaka chuchu mafuta, akampa chumvi ya kulamba, akamtukana. Nikajaribu mimi, na mimi kukamua najua tangu utoto. Nilipata tone la kufunika kitako cha kikombe, kisha kiwele kikawa kigumu kama jiwe na mlango ukafungwa. Katika nchi ya mvua ungesema, sawa, tutakwenda kwa jirani. Majirani ng'ombe wao walikuwa mifupa inayotembea. Watu walikuwa wanawakatia migomba. Maziwa ya unga hayakuwapo Nyeri mjini. Nilizunguka maduka yote hadi miguu ikavimba, na kila mwenye duka aliniambia "Labda kesho" kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo tangu asubuhi. Mtu akatuambia Kenol, kule magari yanakopita, maziwa hayakosekani. Mzee akaenda Kenol. Akarudi jioni na pakiti ya biskuti. Aliiweka mezani, akaitazama, na nikaona mtu mzima anaona aibu mbele ya biskuti.

Mama Muthoni, jirani wa chini, alikuwa ananyonyesha, akamnyonyesha mtoto wetu pamoja na wake. Lakini mwanamke hawezi kutoa maziwa ya watoto wawili kwa ugali wa mahindi ya njano na chai ya rangi. Siku moja alikuja analia, kifua kimekauka, akatuomba msamaha. Tukabaki na maji ya sukari na uji mwepesi, kwa kijiko. Tumbo changa kama lile halijui uji. Kliniki, muuguzi alimweka kwenye mizani, akamwondoa, akamweka tena. "Huyu mtoto anarudi nyuma," akasema. "Mtafutieni maziwa." Mama Wanjiru akamwuliza kwa upole, "Wapi, sista?" Muuguzi akageuka kumhudumia mwingine. Kilio cha mtoto kikawa kidogo kila siku, na hicho ndicho kilichonitia wazimu, kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo wao hawakuwa wamelisema. Ng'ombe asipokamuliwa, maziwa hurudi mwilini na kiwele hukauka, na hapo hata malaika akija kukamua hatapata kitu mpaka azae tena. Kiwele cha Rosi kilikuwa kimeshaanza kulegea. Kila asubuhi nilikigusa. Tulikuwa na maziwa ndani ya nyumba, yamesimama kwa miguu minne, na mtoto alikuwa anakufa njaa hatua chache kutoka kwayo.

Jibu nililisikia kwenye ua, nikikata nepia. Upande wa pili Mama Muthoni alikuwa akiongea na mwenzake kwa Kikuyu, na Kikuyu na Kichuka ni ndugu, usipovisikiliza kwa kiburi utavielewa. "Kama angekuwa amesafiri tu," Mama Muthoni alisema, "si wangevaa koti lake." Mwenzake akamkatiza upesi, "Nyamaza! Usiseme hivyo!" Wakanyamaza kweli. Nikabaki na panga mkononi. Jambo lenyewe nililijua tangu nizaliwe! Kwetu pia, mkamuaji akienda safari, anayebaki huvaa kitambaa chake au koti lake, na ng'ombe hutulia. Kila mtu kwenye kilima kile alilijua. Mama Wanjiru alilijua, Mzee alilijua. Kila mmoja alikuwa amelifikiria na kulimeza, kwa sababu mwenye koti hakuwa safarini.

Jioni, jikoni, nililisema. Sikulizungusha. "Mama, tuvae koti la Wanjiru, tukamue."

Kijiko kilisimama njiani kwenda kwa mtoto. Mzee akasema polepole, "Nguo ya mtu amekufa? Kwa hii nyumba yangu?"

"Mzee, si mlisema hayo mliyaacha?"

"Niliacha. Lakini kuacha kitu si kukiita kirudi." Akaelekeza kidole kwa mtoto. "Huyo mtu mdogo mama yake amekufa. Unataka avalishwe kifo kingine?"

"Basi nitalivaa mimi," nikasema. "Mimi si wa ukoo wenu. Likinishika, linishike."

"Hapana," Mama Wanjiru akasema. "Wewe ni mtoto ya wenyewe. Ukipatwa na kitu, tutaambia mama yako nini?"

Hapo nikapasuka. Nilikuwa mgeni, nilikuwa msichana, na yule alikuwa mzee mwenye nyumba, na mpaka leo nasikia sauti yangu ilivyokuwa kali. "Sawa! Basi afe! Afe mbele yetu hapa, mradi koti libaki kwenye msumari! Mzee, ulimnyima Wanjiru neno mpaka akaenda kaburini bila hilo neno. Huyu naye unamnyima nini?"

Nilingoja kufukuzwa, na ningekwenda. Mzee hakunifukuza. Alitazama moto, na mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti wala kuishusha akalia kwa sauti ya kukwama, kama anayekohoa. Mama Wanjiru alisimama. Aliniwekea mtoto mapajani, kisha akafikiri, akamwondoa mapajani kwangu na kumweka mikononi mwa mumewe. "Shika mtoto yako," akamwambia. Akachukua ndoo. Nilimfuata mpaka zizini nikimwambia nipe mimi, Mama, nipe mimi, naye akasema bila kugeuka, "Si wewe ulimzaa."

Alisimama mbele ya ule msumari. Akasema maneno ya Kikuyu ambayo sikuyasikia vizuri, na sikuyauliza. Akalitoa koti. Mikono ya koti ilikuwa bado imekunjwa vile Wanjiru alivyoikunja, mikunjo miwili kila upande, na Mama Wanjiru aliiingiza mikono yake humo kwa uangalifu sana ili isikunjuke. Rosi alikuwa ametupa mgongo. Masikio yakageuka. Akageuka mwili mzima, akaja hadi mwisho wa kamba, akatoa ule mngurumo, mrefu kuliko nilivyowahi kuusikia, akaanza kulamba. Alilamba bega la koti, kola, shingo, kidevu, machozi yenyewe. Mama Wanjiru alisimama tu, ameinua uso. Nami nikaona sakafu inalowa. "Mama, kaa! Yanamwagika! Kaa, Mama!" Nilimkalisha kwenye kigoda kwa mikono yangu. Maziwa yalipiga ndoo, nikacheka na kulia kwa pamoja bila haya. Alipochoka akaimba, taratibu mno, zile nyimbo za binti yake, na Rosi hakufunga mpaka mwisho. Yalikuwa machache, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Lakini yalitosha. Tukayachemsha, tukayazimua, na mtoto akanywa kwa kijiko huku babu yake akimshika kichwa. Mama Muthoni alipopata habari alikuja kunipiga bega. "Wewe Mchuka hauna adabu hata kidogo," alisema. "Lakini si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

Miezi iliyofuata, asubuhi na jioni, mwanamke yule aliingia zizini akavaa binti yake. Sina namna nyingine ya kulisema. Mwanzoni aliingia kwa hofu. Baadaye niliona anaharakisha, anaacha chai ikipoa. Ndoo ikijaa hakutoka. Alikaa akimwacha Rosi amlambe, akimsimulia kwa sauti ya chini habari za nyumbani, nani amekuja, mtoto amecheka leo. Hakuruhusu koti lifuliwe, hata liliponuka. Siku moja aliniuliza, "Kagendo, yeye anafikiria ni nani amekuja?" Nikajua jibu la darasani: hafikirii, ni harufu na mazoea. Nikalitazama jibu hilo na kuliona halina maana mbele ya yule mama. "Anafikiri ni Wanjiru, Mama." Akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. Ripoti yangu niliiandika vile mhadhiri alivyotaka, sikio limegeuka, amelamba, na nikapata alama nzuri. Maisha yangu yote ya kufundisha baada ya hapo yalikuwa kugombana na ripoti hiyo.

Mvua ilirudi mwishoni mwa mwaka. Nepia ikapanda hadi kifuani, kiwele cha Rosi kikajaa, na mtoto akanenepa mapaja mpaka yakawa na mikunjo. Walimwita Nyambura, jina la bibi yake mzaa mama, yaani la Mama Wanjiru mwenyewe, kama inavyotakiwa mtoto asiye na upande wa baba. Kanisani watu walinong'ona, na Mzee akatembea katikati yao amembeba, polepole makusudi. Aliishi. Leo anakaribia kupata wajukuu, na ana mdomo kuliko mimi.

Asubuhi yangu ya mwisho pale, begi limefungwa, nilikwenda zizini kumuaga Rosi. Mama Wanjiru akaja na mzigo wa nepia kichwani, amevaa aproni yake ya jikoni, amekuja kutia majani horini tu kisha arudi kuepua chai. Masikio ya Rosi yakageuka. Akatoa mngurumo. Nikatazama chini, na maziwa yalikuwa yanadondoka sakafuni. Nilirukaruka kama mtoto. Mwaka mzima nilikuwa nimesubiri kuona jambo hilo, nilikuwa nimelisoma vitabuni, kwamba ng'ombe anaweza kumhamia mtu mwingine kabisa. "Mama, tazama! Amekuzoea wewe! Hata koti hulihitaji tena!"

Nilingoja acheke. Alitua mzigo. Alilitazama koti pale ukutani, akatazama zile chuchu zinavyodondoka, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

"Basi hata yeye," akasema, "ameacha kumngoja."

Akavuta kigoda akakaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Rosi, na akaanza kukamua, kwa sababu mtoto alikuwa ameamka.